Dini Isiyopiga Hodi

Kwetu Tanga nimeshahubiriwa ndani ya daladala, kwenye foleni ya benki, na hata kwa daktari wa meno, nikiwa na pamba mdomoni na siwezi kujibu. Mama ni Mwanglikana wa Muheza, baba alikuwa Mwislamu wa Pangani, kwa hiyo tangu utotoni nimevutwa mkono huu na huu. Nilivutwa kwa mapenzi, sikatai, lakini nilivutwa. Nimepewa vijitabu, kanda za mihadhara, mafuta ya upako na miadi ya kuombewa. Katika pilikapilika zote hizo hakuna aliyewahi kunipigia hodi akitaka niwe Myahudi. Hilo ndilo lililonitia hamu nao. Mtu asiyetaka kitu kwangu huwa namsikiliza kwa makini zaidi.

Kusoma nilisoma, lakini dini haijulikani kwa kusoma tu. Inabidi umwone mwenye nayo akiamka, akipika, akigombana na wanawe. Nairobi kuna sinagogi pale University Way, la jumuiya iliyoanza mwanzoni mwa karne iliyopita, ila mimi sikuwa natafuta jengo. Nilitaka watu wa kukaa nao jikoni tukaelewana. Wapo Mbale, mashariki mwa Uganda, wapatao 2,000, wanajiita Abayudaya, nao hawakuzaliwa katika ukoo wa Ibrahimu wala hawadai hivyo. Babu zao waliichagua dini hii wenyewe. Nikapanda basi.

Basi likipita Eldoret, mashamba ya ngano yanatanda hadi macho yanachoka. Abiria wachache wanajua kwamba uwanda huu wa Uasin Gishu uliwahi kupigiwa hesabu ya kuwa nchi ya Wayahudi. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, wazo hilo, ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa huko Urusi wapate pa kukimbilia. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa mwaka mmoja kabla eneo hilo lilikwisha kuhamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Wanandi hawakuulizwa. Wajumbe walikuja kukagua wakarudi zao, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni huko Basel ukakataa. Miaka 14 baadaye, upande wa pili wa Mlima Elgon, Wayahudi wakatokea wenyewe, hawakuletwa na meli wala treni.

Malaba ni malori na vumbi, sina zaidi la kusema. Ng'ambo ya mpaka matatu inaitwa taksi. Ile niliyopanda ilipita chini ya mwamba wa Tororo ikafika Mbale mchana. Mji umekaa chini ya Wanale, ukuta wa mawe mrefu ajabu, na kwa kuwa ilikuwa Novemba na mvua zinanyesha, maporomoko ya maji yalikuwa yananing'inia ukutani. Karibu na mnara wa saa nikapata bodaboda. Kiswahili Uganda kilibeba jina baya kwa miaka mingi, lugha ya askari wanaogonga mlango usiku, lakini mashariki huku Kenya ni jirani na biashara haichagui. Dereva aliposikia nakwenda Nabugoye akauliza, “Kwa Bayudaya?” Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu, na mwanawe alikuwa anasoma katika shule yao ya msingi, ya Hadassah, inayopokea watoto wa dini zote.

Njiani tukasimamishwa na ngoma. Mwaka ulikuwa wa shufwa, ambao Wagisu hufanya imbalu, tohara ya vijana wao: kijana anapakwa unga na chachu mwili mzima, anazungushwa kwa jamaa siku kadhaa akicheza, kisha anakatwa amesimama mbele za watu bila kupepesa jicho. Kundi likapita likiruka, filimbi na manyanga, akina mama wakipiga vigelegele. “Hao unaowaendea,” dereva akaniambia kwa kicheko, “wao wanakata siku ya nane, kabla mtoto hajajua kukimbia.”

Ni katika jambo hilohilo, kisu, ndipo habari ya Abayudaya inapoanzia. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mprotestanti, aliyewatekea Waingereza nchi hii ya mashariki akitarajia wamfanye mfalme wake. Hawakumfanya. Walimpa vyeo wakavipunguza, na kufikia mwaka 1913 au karibu na hapo alikuwa ameachana nao na kujiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali. Alikuwa na Biblia ya Kiganda, iliyokamilika kutafsiriwa na kuchapwa mwaka 1896, na sasa alikuwa na kinyongo na nafasi ya kusoma. Akaona maagizo ya Musa yako wazi: tohara siku ya nane, mapumziko siku ya saba. Akatafuta mahali yalipofutwa ndani ya vitabu vile vya mwanzo, hakupaona. Mwaka 1919 akajitahiri, akawatahiri na wanawe. Wamalaki wenzake wakashtuka, wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Wapo wanaosema yote hayo yalikuwa hasira dhidi ya Waingereza. Hasira ilikuwapo, bila shaka, lakini hasira ina njia nyingi zisizouma kama hiyo. Mimi nilivutiwa na kitu kingine: kwamba wamisionari walileta kitabu, mtu akakisoma mwenyewe, akafika mahali ambapo hawakumtuma. Kwa muda aliendelea kuchanganya, akimtaja Yesu na kubatiza watoto, hadi mwaka 1920 alipotokea Myahudi wa kigeni aitwaye Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, namna ya kuchinja na sala za Kiebrania. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu chake cha kanuni kwa Kiganda. Alipofariki mwaka 1928 aliacha watu waliokuwa Wayahudi bila kujulikana na Wayahudi wa dunia, na ambao wenyewe kwa muda mrefu hawakujua wenzao wako wangapi na wako wapi.

Nabugoye ni kilima chenye migomba, kahawa na ng'ombe waliofungwa kamba. Nilifika Ijumaa, na Ijumaa alasiri si wakati wa kumtembelea Myahudi kama unataka mazungumzo. Mama mwenyeji wangu, mwalimu aliyestaafu, alinielekeza kiti kwa kidole akaendelea na mbio zake: matoke yafungwe, maharage yaive, watoto waoge, maji yajazwe kwenye madumu. Hofu yake ilikuwa jua. Sheria zao zinataja aina 39 za kazi zisizofanywa siku ya Sabato, na kuwasha moto ni mojawapo, kwa hiyo kila kinachohitaji moto lazima kiwe jikoni kabla ya magharibi. Akapakia mkaa kwenye jiko, akauacha ushike, kisha akaufunika kwa majivu kwa kijiko kipana, polepole, akipapasa kwa kiganja kuona joto linapita wapi. Juu yake akaweka sufuria ya chai ya kesho. “Hilo litafika asubuhi,” akasema. Lilifika.

Saa kumi na mbili na robo akawasha mishumaa miwili, akazungusha mikono juu ya miali mara tatu, akajifunika macho, akasema maneno yake. Alipofungua macho alikuwa mtu mwingine. Nasema hivi bila kutia chumvi: mama aliyekuwa akifoka kuhusu madumu aliniuliza habari za Tanga, akakaa, akanyoosha miguu. Sikuhitaji kuelezwa kwamba siku mpya imeanza. Bibi yangu wa Pangani alihesabu hivyo pia. Usiku unaofuata mchana wa Alhamisi kwake ulikuwa tayari usiku wa Ijumaa, na asingekubali kitendo fulani au neno fulani usiku huo. Tofauti ni kwamba hawa wamezuia siku nzima. Simu zikazimwa. Kalamu yangu ikabaki mfukoni, maana kuandika nako ni kazi, na ingawa hakuna aliyenikataza, niliona si adabu. Yote ya siku ile ninayaandika kwa kukumbuka.

Sinagogi la sasa, liitwalo Stern, lilifunguliwa mwaka 2016. Ni jengo la matofali lenye nafasi na hewa. Humo nikasikia Zaburi zikiimbwa kwa Kiganda na Kiebrania kwa mahadhi ambayo ungeyasikia kwenye harusi yoyote ya Buganda, sauti moja ikitangulia na umati ukiitikia. Nyimbo zao zilirekodiwa na kutolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, lakini santuri haikuonyeshi watoto wanaopokezana shuka la sala, wala kijana aliyekuja kwa miguu kutoka kijiji cha mbali akiwa amevua viatu asiwaharibie sakafu.

Tulirudi nyumbani kwa chakula. Mezani mikate miwili ilikuwa imefunikwa kitambaa. Baba mwenye nyumba akaweka mikono juu ya kichwa cha kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, hata yule mkubwa mwenye ndevu, akawabariki. Kisha akaomba juu ya kikombe cha divai. Nikauliza mikate imefunikiwa nini, kwa maana nzi hawakuwapo. Mtoto wa miaka kama tisa ndiye aliyenijibu: kwa kawaida mkate ndio unaobarikiwa kwanza, lakini usiku huu divai inatangulia, kwa hiyo mkate unafunikwa usione aibu. Wote wakamwangalia wakitikisa kichwa, kama vile hilo ni jambo la kawaida kabisa, kuujali mkate usifedheheke. Nimekula kwenye nyumba nyingi za wacha Mungu. Sijawahi kuona adabu iliyofika hadi huko.

Katikati ya chakula umeme ukakatika. Hakuna aliyenyanyuka. Mishumaa ilikuwa karibu kuisha, na kwa kuwa haiwashwi mingine, tukamalizia sosi ya karanga gizani tukiongea. Mama akanisimulia jinsi yeye na jirani yake walivyonuniana kwa ajili ya mbuzi aliyeingia kwenye mahindi. Miezi ikapita. Ikakaribia Yom Kippur, siku yao ya toba, wanapofunga mchana na usiku bila kula wala kunywa. “Kufunga kunanisaidia nini?” akaniambia. “Deni la Mungu Mungu ananisamehe. Deni la jirani hanisamehei mpaka niende kwa jirani.” Akaenda, usiku, na kuku mkononi. Mafundisho hayo yako kwenye Mishna, mkusanyo wa sheria zao, tangu karibu mwaka 200, lakini sikuwahi kuyaelewa vizuri kabla ya kuku.

Ungeniuliza kipi kilichonikamata zaidi, ningesema ni asubuhi ya Jumamosi.

Torati inayosomwa sinagogini imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805, na herufi moja ikiharibika gombo zima halisomwi mpaka irekebishwe. Msomaji haigusi kwa kidole. Anafuata mstari kwa kijiti chenye umbo la mkono mdogo nchani. Siku ile msomaji mmojawapo alikuwa msichana wa sekondari. Nabugoye wanaume na wanawake hukaa pamoja na kusoma pamoja. Kijiji cha Putti, ambako wanafuata mkondo wa Kiothodoksi, hukaa mbalimbali, na pande hizo mbili hazijamaliza ubishi wao. Kila wiki husomwa sehemu yake, na kwa mwaka mzima vitabu vitano vya Musa vinaisha, wanaanza tena. Ile ya Novemba iliniangukia kwa bahati: Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema lake jua likiwaka, anawaona wageni watatu, anawakimbilia. Halafu anaambiwa Sodoma itaangamizwa, naye anasimama kupatana na Mungu bei ya rehema, kutoka wenye haki 50 hadi 10.

Nilikotoka, baada ya somo hufuata mahubiri, na mahubiri hayana mkono wa kunyoosha. Hapa kiongozi aliuliza swali akanyamaza. Yule msichana akasema Ibrahimu aliacha mapema. Kwa nini asishuke hadi mmoja? Mzee mmoja akajibu kwamba kumi ndiyo idadi ya watu wa sala, chini ya hapo hakuna jamii ya kuokolewa, kuna watu tu. Msichana hakuridhika. Akaja kijana na lililo gumu zaidi: mtu huyu amegombana na Mungu kwa ajili ya wageni wa Sodoma, halafu mwishoni mwa somo hilohilo anaambiwa amchinje mwanawe, ananyamaza, anatandika punda. Kwa nini hakubisha? Sinagogi likavurugika kwa muda. Mmoja akasema alinyamaza kwa imani. Mwingine akasema huenda hapo ndipo Ibrahimu aliposhindwa mtihani. Nilishika kiti. Nilidhani atatolewa nje. Akaambiwa alete hoja.

Wakanigeukia mimi. Nikasema kwa upande wa baba yangu huyo mwana ni Ismail, na kwamba mtoto mwenyewe aliulizwa na akaridhia. Hakuna aliyenikosoa. Yule mzee akavutiwa na hilo la mtoto kuulizwa, akataka kujua kama riwaya hiyo inasema alikuwa na umri gani, na wengine wakaanza kujadili umri wa Isaka, ambao baadhi ya walimu wao wa kale wanasema ulikuwa miaka 37. Basi hata yeye angeweza kukataa! Tukachelewa kula.

Mchana, chini ya mti, mwalimu wa sekondari ya Semei Kakungulu alinisimulia kisa cha Talmud, kitabu chao cha mijadala ya marabi, ambacho nilikuwa nimekisoma kwa haraka tu zamani. Marabi wanabishana kama tanuri fulani ni safi au najisi. Rabi Eliezeri yuko peke yake, wote wanampinga. Anasema kama sheria iko upande wangu, mti ule utathibitisha, mti unang'oka. Wanamwambia miti si hoja. Mto unarudi nyuma. Mito si hoja. Kuta za nyumba ya masomo zinaanza kuanguka, na Rabi Yoshua anazikemea zisiingilie ugomvi wa wasomi. Kwa heshima yake zinaacha kuanguka, kwa heshima ya Eliezeri hazinyooki. Mwisho sauti inatoka mbinguni, inasema Eliezeri ndiye mkweli. Yoshua anasimama, anajibu kwamba Torati haiko mbinguni, na rabi mwingine anafafanua: ilikwisha kuteremshwa, na ndani yake imeandikwa wengi wafuatwe. Mwalimu akanisubiri nimeze. Kisha akamalizia: baadaye nabii Eliya akaulizwa Mungu alifanyaje saa ile, akasema alicheka, akafurahi kwamba wanawe wamemshinda.

Nimeshakutana na watu wa dini wenye ujasiri mkubwa wa kuwajibu majirani zao. Ujasiri wa kuijibu sauti ya mbinguni kwa kifungu cha sheria, na kuandika kwamba mbingu zilifurahi, huo sijauona kwingine. Wala kisa hakiishi kwa shangwe: wenzake walimtenga Eliezeri, na Talmud inaeleza bila kuficha uchungu uliofuata. Kitabu hicho kina tabia ya kutunza maneno ya walioshindwa. Shule ya Shamai ilishindwa na shule ya Hileli karibu katika kila jambo, lakini hoja zake zimo. Tangu mchapishaji Daniel Bomberg alipoichapa Talmud Venice mwaka 1520 na kuendelea, ukurasa wenyewe umepangwa kwa ubishi: matini katikati, maelezo ya mfafanuzi Rashi upande mmoja, wanaompinga upande wa pili.

Sitaki kuwapamba. Ubishi unachosha, na nimeona mkutano wa kamati ukikwama kwa saa nzima juu ya tangi la maji. Sheria ni nzito kwa maskini. Nyama inayochinjwa kwa utaratibu wao haipatikani buchani, kwa hiyo wengi hula maharage hadi sikukuu. Na najua msomaji wangu wa Zanzibar au Mombasa ana Gaza moyoni anaposoma makala hii. Nami ninayo. Nilikwenda kutazama dini na si serikali, na niliwaona wakibishana juu ya serikali hiyo pia.

Wakati wa sala mama mmoja wa makamo alisimama peke yake katikati ya waliokaa, akasema kadishi ya baba yake. Mtoto huisema kwa miezi 11 baada ya kufiwa. Sala yenyewe haitaji kifo hata mara moja, inamsifu Mungu tu, lakini haisemwi bila jumla ya watu kumi. Yaani mwenye msiba analazimika kutoka ndani na kuwatafuta wenzake tisa, na wao wanalazimika kuwapo kumwitikia. Siku saba za mwanzo ni kinyume: yeye hukaa nyumbani chini, majirani ndio wanaoleta chakula, na mgeni hafungui mdomo mpaka mfiwa aanze. Kwetu matanga siku hizi mfiwa ndiye anayekopa fedha za pilau la watu mia tatu. Nilimweleza mwenyeji wangu, akafikiri namtania.

Swali la hodi nililiuliza Jumapili, tukiwa tumekaa barazani kwa mzee yule aliyependa riwaya ya Ismail. Mtu kama mimi akitaka kuingia? Akashtuka kidogo, akaniuliza dini yangu ina ubaya gani. Kwao asiye Myahudi hadaiwi zaidi ya maagizo saba waliyopewa wana wa Nuhu: asiabudu sanamu, asimtukane Mungu, asiue, asiibe, asizini, asile kiungo cha mnyama aliye hai, awe na mahakama za haki. Akiyashika hayo, mwadilifu wa taifa lolote ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Anayeng'ang'ania kuingia anapaswa kuulizwa kwanza kama hajui kwamba watu hawa wameonewa na kusukumwa huku na huku. Akisema anajua na bado anataka, ndipo anafundishwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya zile nzito.

Abayudaya wenyewe walipitia mlango huo. Mwaka 2002 marabi walikuja kutoka nje, wakaketi kama mahakama, na watu wapatao 400 wakahojiwa na kuzamishwa majini, wazee waliokuwa wameishika Sabato tangu utoto wakiwemo. Wengine waliona uchungu kuombwa wawe kile walichokuwa tayari. Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa viongozi wao wa kale, alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008, na mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge. Hata hivyo mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilimkatalia mmoja wa jumuiya hii haki ya kuhamia huko. Vijana hulizungumza hilo kwa hasira. Mzee alilizungumza kwa kutikisa mkono.

Yeye alikuwa ameonja makubwa zaidi. Idi Amin alipowapiga marufuku, masinagogi yalifungwa, na jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na 300 hivi. Wengi waligeukia Ukristo au Uislamu ili waishi. Waliobaki walisali kwa kujificha, wakiimba kwa kunong'ona. Waliorudi baadaye hawakuulizwa maswali mengi. Miongoni mwa vijana walioijenga upya jumuiya miaka ya 1980 alikuwa J. J. Keki, ambaye mwaka 2004 aliwakusanya wakulima wa kahawa Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika ushirika mmoja, Mirembe Kawomera. Kahawa tuliyokuwa tukinywa ilitoka kwenye mashamba ya wanaushirika, ikiwa nyeusi na chungu, na jirani Mwislamu akaja kukaa nasi baada ya adhuhuri.

Mzee aliponisikia nimetoka Tanzania alikuwa amekwisha kunishika mkono kwa mikono miwili. Mwaka 1979 usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, usiku ambao wao husimulia kutoka Misri, uliangukia tarehe 11 Aprili, na ndipo Kampala ilipoanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa nalo. Kwao Nabugoye hiyo si bahati nasibu. Ila swali likazuka pale barazani: je, Amin aliangushwa jua likiwa bado halijazama, yaani mkesha wa sikukuu, wakati wa kuchinja mwanakondoo, au tayari ilikuwa Pasaka yenyewe? Mzee akashika la kwanza. Yule jirani Mwislamu, ambaye redio yake ndiyo waliyokuwa wakiisikiliza wakati ule, akashika la pili. Mwana wa mwenyeji wangu, yule mwenye ndevu, akasema vita si mshumaa, haviwashwi kwa dakika. Nikasema vitabu vyetu vinataja tarehe 10 na 11 kwa pamoja, na hilo likaharibu mambo kabisa, kwa kuwa sasa kulikuwa na maoni ya tatu. Wakahamia kwenye Kiganda, kwa kasi, wakapanga vikombe mezani kuonyesha barabara ya Entebbe na ya Masaka.

Bodaboda ilikuwa inaningoja getini na dereva anapiga honi. Wakaniagiza nikifika nyumbani nimtafute askari mstaafu aliyekuwapo, nimuulize ilikuwa saa ngapi, nao watanipa namba ya simu ya kumjulisha mzee, isipokuwa nisipige Jumamosi.